Malalamiko: Mnatuuzia albamu nyingine ndani ya jalada la zamani

Wanajukwaa wenzangu, heshima zenu. Mimi si mtu wa kufungua uzi. Kwa kawaida husoma, hucheka, kisha huondoka. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na nilipolalamika nikaambiwa kwamba mbuzi ni yuleyule, ila amebadilishwa miguu tu.

Mwezi uliopita niliagiza CD ya Blizzard of Ozz kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye tangazo lake lilisema wazi kwamba ni albamu ya mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne ya mwaka 1980. Kanda ya albamu hiyo iliingia nyumbani kwetu Tanga mikononi mwa mjomba wangu aliyekuwa baharia, nami niliisikiliza hadi utepe ukaanza kulegea, nikawa naukaza kwa kalamu kila jioni kabla ya kuipiga. Naijua albamu ile kama ninavyoijua njia ya uani usiku umeme ukikatika. CD ilipofika nililipa ushuru na gharama za posta, nikaketi, nikaanza na wimbo wa kwanza, "I Don't Know". Gitaa la Randy Rhoads lilikuwa lake. Sauti ya Ozzy ilikuwa yake. Lakini ile besi inayopanda na kushuka chini yao, kana kwamba inabishana na gitaa na kukataa kushindwa, haikuwapo. Palikuwa na besi ya mtu mwingine, na dramu za mtu mwingine.

Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwa adabu kwamba albamu ni ileile kwa kuwa nyimbo ni zilezile na jalada ni lilelile. Jibu hilo ndilo lililonipandisha hasira, kwa maana ndilo jibu ambalo biashara nzima ya kutoa upya albamu za roki imekuwa ikitupa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa wasioujua mkasa huu, niuseme. Mwaka 1980 besi ya Blizzard of Ozz ilipigwa na Bob Daisley, ambaye pia aliandika sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo, na dramu zilipigwa na Lee Kerslake. Wawili hao walipiga pia katika Diary of a Madman ya mwaka 1981, lakini albamu hiyo ilipotoka, jalada lilibeba majina na picha za Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga hata noti moja ndani yake. Baadaye ukazuka ugomvi wa kisheria kuhusu mirabaha, na mwaka 2002, albamu zote mbili zilipotolewa upya, besi na dramu za asili zilifutwa, zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Kwa hiyo Daisley na Kerslake walifutwa mara mbili: kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye sauti yenyewe. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2011 ndipo sauti zao zikarudishwa madukani, lakini nakala za 2002 zingali zinazunguka duniani, na hakuna kinachomlazimu muuzaji kutuambia anatuuzia ipi.

Sina ugomvi na Trujillo wala Bordin, ambao ni wapigaji hodari. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mpigaji ni kipuri, kwamba ukimchomoa mmoja na kumchomeka mwingine gari litakwenda vilevile. Rhoads alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 25. Hakupata nafasi ya kuisikia besi ile mpya, wala ya kusema kama angependa gitaa lake lilazwe juu yake. Alichopiga alikipiga akimsikia Daisley, akimjibu Kerslake, na mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kurekodiwa upya kwa mtu mmoja kuzungumza na marehemu.

Wala kesi hii si ya peke yake. Mashabiki wa ZZ Top wanakumbuka yaliyowapata mwaka 1987, wakati albamu za zamani za kundi hilo, Tres Hombres ya 1973 ikiwemo, zilipotolewa kwenye CD zikiwa zimevishwa dramu za mtindo wa miaka ya themanini, zenye mwangwi kama mtu anayepiga bati ndani ya tangi la maji. Albamu ile ilikuwa na vumbi la Texas ndani yake, na vumbi hilo likapigwa deki. Tres Hombres ilirudi kwenye CD na sauti yake ya asili mwaka 2006, na hiyo ina maana kwamba kijana aliyezaliwa mwaka CD ile ilipotoka alikuwa karibu kufikisha miaka ishirini bila kupata sababu ya kushuku kwamba alichokuwa akikisikiliza hakikuwa kile kilichomfanya baba yake aipende ZZ Top.

Megadeth nao, mwaka 2004, walitoa upya Rust in Peace ya 1990 ikiwa imechanganywa sauti upya, yaani sauti za vyombo na waimbaji zikiwa zimepimwa na kupangwa upya, na baadhi ya mistari ikiwa imeimbwa upya na mwimbaji wao Dave Mustaine, kwa koo lililoongezeka umri wa miaka kumi na minne. Ukiisikiliza kwa makini unamsikia mtu mzima akiingilia maneno ya kijana katikati ya sentensi.

Najua kuna watakaonijibu kwamba kazi ni ya wasanii wenyewe na wana haki ya kuirekebisha. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo maana albamu iliyonisumbua zaidi ya zote si ya Ozzy, bali ni ile ya kwanza ya Queen, ambayo kwetu sisi wa pwani ina undugu, kwa kuwa mwimbaji wake, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. Albamu hiyo ilitoka Julai 1973. Ilirekodiwa katika studio za Trident, London, kwa saa za kuokoteza, wakati wateja wakubwa walipokuwa hawaitumii studio, na wapigaji wenyewe hawakuwahi kuridhika na sauti ya dramu, ambayo ilikuwa kavu, imebanwa, haina nafasi ya kupumua. Oktoba 2024 waliitoa upya kwa jina la Queen I, ikiwa imechanganywa upya kabisa, dramu zikiwa zimejengwa upya, na wimbo "Mad the Swine" ulioachwa nje mwaka 1973 ukiwa umerudishwa mahali pake, kati ya "Great King Rat" na "My Fairy King".

Nikiri bila kuzunguka: inapendeza. Dramu za Roger Taylor sasa zina kifua. "My Fairy King", wimbo ambao mpiga gitaa wao Brian May anasema ndio uliompa Freddie jina la Mercury, haujawahi kusikika kwa upana kama huu. Na bado, nilipomaliza kuisikiliza nilirudi kwenye ile ya 1973, kwa sababu ukavu ule ni sehemu ya habari. Unasikia vijana wanne wasio na fedha, wanaorekodi kwa haraka mpaka usiku wa manane, wakijaribu kupenyeza muziki mkubwa kuliko chumba walichopewa. Ukikipanua chumba, lile jasho halionekani tena. Angalau hawa walikuwa waungwana: waliipa jina tofauti kidogo, wakatangaza kwamba ni kazi mpya, na msikilizaji anajua anachokinunua. Vivyo hivyo Rush, ambao Vapor Trails yao ya 2002 ilitoka ikiwa imebanwa sauti, yaani za chini zimesukumwa juu zilingane na za juu, hadi inapasuka, waliichanganya upya mwaka 2013 na kuandika juu ya jalada kwamba imechanganywa upya. Hilo tu ndilo ninalolidai. Andikeni.

Kuhusu kubana sauti, ningeweza kufungua uzi mwingine mzima. CD ina uwezo wa kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya mnong'ono na ngurumo, lakini Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, karibu kila kitu kilisukumwa juu hadi dari, na zaidi ya mashabiki 10,000 wakatia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Aibu kubwa ni kwamba nyimbo hizohizo, zilipowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, zilisikika vizuri kuliko kwenye CD iliyouzwa dukani. Mtoto mwenye gitaa la plastiki alipata muziki bora kuliko mtu mzima aliyetoa fedha zake. Na siku hizi sababu yenyewe ya kubana, yaani wimbo usikike kwa nguvu kuliko mingine, imekwisha, kwa kuwa programu kubwa za kusikilizia muziki mtandaoni husawazisha zenyewe ukubwa wa sauti, kwa hiyo wimbo uliobanwa hushushwa tu hadi ulingane na mingine, ukiwa tayari umeshapoteza uhai wake.

Hapohapo kwa Metallica kuna jambo linalonitia katika mtihani. ...And Justice for All ya 1988 ndiyo albamu yao ninayoipenda kuliko zote, na kila mtu anajua kwamba besi ya Jason Newsted karibu haisikiki ndani yake. Kwa miaka mingi nimetamani iletwe juu. Walipoitoa upya mwaka 2018, waliiacha besi kama ilivyokuwa, na siku ile nilikasirika. Leo, baada ya CD hii ya Ozzy, nasema walifanya sawa. Mashabiki waliotaka besi wamejitengenezea matoleo yao mitandaoni kwa majina yao, na albamu yenyewe imebaki na kovu lake. (Dunia ya roki ni ndogo: mwaka 2003 Trujillo huyohuyo alichukua nafasi ya besi katika Metallica, na Newsted akaenda kumpigia Ozzy.)

Msidhani mimi ni mzee anayechukia kila kipya. Hackney Diamonds ya Rolling Stones, iliyotoka Oktoba 2023, imesukumwa juu kupita kiasi kwa masikio yangu, lakini naiheshimu kwa jambo moja. Charlie Watts alifariki Agosti 2021, na dramu zake zimo katika nyimbo mbili tu, "Mess It Up" na "Live by the Sword". Nyingine nyingi kazi hiyo aliifanya Steve Jordan. Hakuna aliyempigia Watts juu ya mikono yake ili albamu nzima isikike sawasawa, na majina yote yameandikwa. Songs of a Lost World ya The Cure, ya Novemba 2024, nayo naipenda kwa subira yake: katika "Alone" unasubiri zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua kinywa. Ombi langu kwa watakaoitoa upya albamu hiyo miaka thelathini ijayo ni kwamba wasije wakazipunguza dakika hizo tatu kwa kisingizio cha kuisafisha.

Sasa naomba msaada wenu. Mwenye kumjua muuzaji anayeandika katika tangazo lake mwaka wa toleo, na si mwaka wa albamu pekee, aniwekee jina lake hapa chini, nami nitaagiza Diary of a Madman kwake wiki hii. Na kama kuna anayeitaka hii Blizzard of Ozz ya 2002, nitampa bure akija kuichukua. Lakini ajue mapema kwamba nimeshaandika kwa wino mzito juu ya jalada: besi si ya Daisley, dramu si za Kerslake.