Naomba ushauri: kiunganishi cha waya kisicholegea kwenye bajaji

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi umeme wa bajaji, nataka kubuni kiunganishi changu cha waya za taa za mbele. Hivi vya bei rahisi barabara ya vumbi inavilegeza upesi. Pini ikicheza kidogo tu, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda na plastiki inaanza kunuka. Ampea 10 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 ni wati 10 za joto, na zote zinaishia pale kwenye pini!

Nimewaza pini ya shaba iliyopakwa bati, tundu lenye ulimi wa springi, kufuli inayolia "ta!" ikishika, na raba ya kuzuia maji. Upande wa betri nitaweka tundu, si pini, ili ukichomoa pasiguse bodi ikapiga shoti. Waya nitaubana kwa koleo. Nikilehemu, risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakakamaa na kukatikia hapohapo.

Nilipokwama ni kwenye ule ulimi: shaba ya kawaida inapoteza mkazo ikipata joto. Nitumie madini gani yanayopatikana kwa mafundi wetu? Na nailoni inafaa kwa ganda, au inanyonya maji mno? Wa kunishauri tepu nyeusi, hapana, asanteni.