Naomba ushauri: chuma cha kukandamizia nyama, ninunue au niache?

Habari zenu wandugu. Niko Kampala, napikia watu watano kwa sigiri na jiko dogo la gesi. Tatizo langu ni nyama. Nikiweka vipande vyembamba kwenye kikaango vinajikunja, pembeni panaungua huku katikati bado pamepauka. Soseji za kupasua nazo ni hivyo hivyo.

Nimeona kile chuma kizito chenye mpini, cha kukandamizia. Fundi mmoja wa Katwe anasema atanitengenezea kwa shilingi 60,000. Jamani, hiyo si hela ya kuchezea! Kwa sasa natumia kisufuria chenye maji, nimekizungushia foili chini. Kinasaidia, ila juzi kiliteleza nusura kiniunguze mkono.

Mwenye nacho anijuze: unakipasha moto kwanza, au unakiweka kikiwa baridi? Kilo ngapi zinatosha bila kukamua mafuta yote nyama ikabaki kavu? Na kutu je? Hiki cha fundi ni chuma kitupu, nami vyombo vya usiku huwa navilaza hadi asubuhi.

Chapati sitaikandamiza, msiogope. Mume wangu angenirudisha kwetu.