Tumpeleke Bibi kula wapi?

*Gumzo la kikundi cha familia, Ijumaa jioni hadi Jumapili*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mambo vipi wenzangu. Jumapili ijayo Bibi anatimiza miaka 80. Nimewaza mwaka huu tusimpikie, tumtoe. Tukae mezani watu 12, tuletewe, tule, vyombo waoshe wenyewe. Mnasemaje?

Jabir: Naunga mkono kwa mikono miwili. Mama na Dada hawajawahi kula sherehe yoyote wakiwa wamekaa. Sisi tukishanawa ndipo wao wanatoka jikoni.

Mjomba Faraji: Marahaba wanangu. Wazo jema sana.

Mama Nuru: Ni jema. Ila sisi tutakuja mwishoni, wakati wa keki. Nuru nitamlisha nyumbani, na keki nitaoka mimi.

Zuhura: Dada jamani. Nuru ndiye anayelala na Bibi kila likizo. Bibi atakaaje mezani bila kitukuu chake?

Mama Nuru: Najua mdogo wangu. Lakini tangu siku ile sijaketi mgahawani na mwanangu.

Jabir: Mimi nilikuwa bado masomoni. Nilisikia juu juu tu.

Mama Nuru: Basi niandike mara moja, nisirudie tena. Ni miaka miwili sasa, Nuru alikuwa na minne. Mhudumu alikuja, kijana mpole kabisa. Nikamwambia, huyu mtoto ana aleji ya karanga, hiki chakula hakina karanga, sivyo? Akasema hakina mama, ondoa shaka. Nikaondoa shaka. Kuku wa mchuzi. Kijiko cha kwanza Nuru akakunja uso, "Mama, ulimi unawasha." Nikadhani pilipili, nikampa maji. Cha pili akaanza kujikuna shingo. Halafu midomo ikavimba hadi ikawa haifungi, na sauti ikabadilika, kama mtu anayeongea huku amefunikwa mto. Baba yake akambeba mbio. Kiatu kimoja kikabaki chini ya meza.

Mama Nuru: Kesho yake nilirudi kuuliza jikoni. Wakaniambia mchuzi wanautia uzito kwa karanga za kusaga, kijiko kimoja tu, wala hazisikiki mdomoni. Kijiko kimoja tu! Kile kiatu sikukiulizia.

Baba Nuru: Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi kule nyuma, inakuja kwa mluzi. Alipochomwa adrenalini sauti ilirudi nikiwa bado nimemshika mkono. Namshukuru Mungu kila siku kwa ile sindano.

Mama: Nilikuwa nimesahau habari ya kiatu. Pole mwanangu.

Mjomba Faraji: Mpwa wangu, sikukuwepo, lakini naomba nikueleze kinachotokea upande wa mhudumu, kwa sababu nimekuwa huko. Houston nilibeba trei miaka mitatu. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho kimesimama palepale tangu 1991. Zinazobaki ni bakshishi. Zisipofikia kima cha chini cha kawaida ndipo tajiri anatakiwa ajazie. Kwa hiyo kodi yako ya nyumba iko mikononi mwa mteja. Akikuuliza "hakina karanga, sivyo?" mdomo unasema hakina kabla kichwa hakijafanya kazi, maana unaona usoni kwake ndicho anachotaka kusikia. Na jikoni saa ya watu wengi kuna mpishi atakayekufokea ukimpelekea maswali.

Mjomba Faraji: Yule kijana wako hakukusudia kudanganya. Alikisia. Mimi pia niliwahi kukisia, tena si mara moja, na ni Mungu tu hakuna aliyedhurika kwenye meza zangu. Ndiyo maana nikienda kula na mwenye mzio siulizi swali la ndiyo au hapana. Nauliza: mchuzi huu umetiwa uzito na nini? Mafuta ya kukaangia ni ya nini, na nini kingine kinakaangwa humo? Hapo hawezi kukisia, ni lazima aende kwa mpishi. Na mimi namtazama akienda. Akinijibu kabla hajafika mlango wa jikoni, nainuka na watu wangu.

Mama Nuru: Mjomba, hilo sikuwahi kuliwaza. Jibu nilimpa mimi mwenyewe ndani ya swali.

Mjomba Faraji: Usijilaumu. Kila mzazi anauliza hivyo, maana anaomba iwe hivyo.

Mama Mdogo Tatu: Ndiyo kwanza natoka zamu, nimesoma yote nikiwa kwenye basi. Huku Leeds, Uingereza, mhudumu ukimwambia aleji anakuletea daftari. Vyakula vimepangwa kushuka chini, juu kuna safu 14 za vizio, yaani vitu vinavyoleta aleji: karanga, njugu za miti, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, pweza na jamii yake, soya, ufuta, haradali, nafaka zenye gluteni na vinginevyo. Sheria hiyo ni ya Umoja wa Ulaya, ilianza kufanya kazi Desemba 2014, na Uingereza ilibaki nayo hata baada ya kujitoa.

Jabir: Kwa hiyo huko hakuna wasiwasi?

Mama Mdogo Tatu: Wasiwasi upo, mwanangu. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikufa kwa ufuta uliokuwa ndani ya unga wa mkate, na pakiti haikusema. Wazazi wake hawakunyamaza mpaka sheria ikabadilishwa, ikaanza Oktoba 2021, watu wanaiita kwa jina lake. Mimi ni muuguzi, nimeona watoto wanaletwa kutoka mahali penye daftari zuri kabisa. Daftari linasema viazi havina karanga, na kweli havina, lakini vimekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kitu chenye karanga. Moto hauondoi mzio. Wala kuziokota kwa kijiko na kubakiza mchuzi hakusaidii.

Mama Nuru: Hilo la kuokota nimeambiwa na ndugu wengi tu. "Si umtolee?"

Zuhura: Hata mimi nilishawahi kukuambia. Nisamehe dada.

Mama Nuru: Yamepita.

*Jumamosi*

Jabir: Nimelala nikiwaza. Nilipokuwa Osaka, Japani, nilishangaa kwamba sheria yao inalazimisha vyakula vya pakiti viandikwe karanga, ngano, maziwa na vingine, lakini migahawa haibanwi. Rafiki yangu mwenye mzio wa kamba alikuwa na kadi mfukoni, imeandikwa kwa Kijapani. Anaitoa hata kabla hajakaa. Mhudumu anaipokea kwa mikono miwili, anakwenda nayo jikoni, na mara nyingine mpishi mwenyewe anatoka nayo. Mara mbili nilishuhudia mpishi akisema samahani, leo sitaweza kukuhakikishia. Tukatoka bila kununiana.

Mama: Hao watu wanapenda kuonyesha kitu kabla hujakilipia. Nilipokwenda kumtembelea Jabir, aliingia darasani akaniacha na njaa. Menyu yote michoro mitupu, siambulii herufi. Lakini dirishani walikuwa wamepanga vyakula vya bandia, umbo na rangi kama vyenyewe, mpaka mvuke tu ndio ulikosekana. Nikamshika binti wa watu mkono, nikamtoa nje, nikamwekea kidole kwenye kioo. Aliniletea kilekile, hata jani la juu lilikuwa limeegemea upande uleule. Nilikula kwa raha, maana sikubahatisha.

Jabir: Nilirudi nikamkuta Mama anaagiza tena kwa kile kitufe cha mezani.

Mama: Unabonyeza, wanakuja. Hupungi mkono wala hupigi kelele.

Mama Mdogo Tatu: Mama yenu na kitufe, Bibi yenu na maboksi 😊 Mnakumbuka nilimpeleka Paris?

Baba Nuru: Hiyo bado hatujaisikia vizuri.

Mama Mdogo Tatu: Kwanza tulikaa, nikaagiza maji, wakaniletea ya chupa. Meza ya jirani wana jagi. Nikauliza, kumbe jagi la maji ya bomba ni bure, na tangu 2022 sheria inataka menyu au tangazo la ukutani liseme hivyo. Tulikuwa tumetoka Venice, Italia, ambako bili ilikuja na kitu kinaitwa "coperto", kwa kila kichwa. Nikafoka, nikadhani tumeibiwa. Kumbe ni malipo ya kukaa tu, mkate na kitambaa, yameandikwa chini kabisa ya menyu. Nilimwomba yule baba mhudumu radhi kabla hatujaondoka. Sasa Paris Bibi kala nusu ya samaki wake, kasukuma sahani, kaniambia "Mwambie anifungie." Nikaona haya. Mgahawa wenyewe una vitambaa vyeupe.

Mama: Subirini, Bibi yuko hapa, nimemsomea. Anasema mimi niandike.

Mama (kwa niaba ya Bibi): Mimi nilimwambia Tatu, samaki huyu nimemlipia mzima. Akikataa kusema nitasema mwenyewe kwa vidole. Yule kijana akasema "wi madamu", akaleta boksi na mfuko juu. Usiku hotelini tulimla wote wawili, na Tatu ndiye aliyekula sana.

Mama Mdogo Tatu: Kweli tupu. Baadaye nikajua kuwa tangu Julai 1, 2021 migahawa ya Ufaransa inatakiwa impe mteja chombo akitaka kubeba kilichobaki. Mama yangu alikuwa ndani ya sheria bila kuisoma.

Mama (kwa niaba ya Bibi): Sasa sikilizeni. Nimesikia mnazungumza kunipeleka kula. Nuru asipokaa mezani, mimi sikai. Tutakula nyumbani na nitafurahi vilevile. Lakini mama yake naye apumzike siku moja. Tafuteni pahali watakaposikia wanachoambiwa.

Mama Nuru: Bibi umenitoa machozi.

Zuhura: Basi kazi hiyo niachieni. Leo napiga simu.

Mama Mdogo Tatu: Andikeni na kadi, kama ya rafiki yake Jabir. Iwe fupi, mpishi asome akiwa amesimama. Hivi:

"Mtoto huyu ana mzio mkali wa karanga. Hata kidogo sana kinaweza kumuua. Asile karanga nzima, za kusaga, mafuta yake, wala chakula kilichoguswa na sufuria, kijiko, ubao au mafuta yaliyotumika kwa karanga. Tafadhali mpe mpishi kadi hii. Kama hamna uhakika, tuambieni hamna uhakika. Hatutakasirika."

Mjomba Faraji: Sentensi ya mwisho isiondolewe. Mhudumu anahitaji ruhusa ya kusema hajui.

Baba Nuru: Nimeshaichapa. Nimeweka na ya Kifaransa nyuma yake, "arachide" na "cacahuète" yote mawili, iwapo tutakuja kusafiri.

Mama Mdogo Tatu: Na sindano za adrenalini ni mbili, mkwe wangu, zote mbili mezani, zisiachwe kwenye gari. Akianza kuhema au sauti kubadilika, pajani upande wa nje, hata juu ya nguo. Alale chini miguu juu, akishindwa kupumua akae lakini asitembezwe. Baada ya dakika tano kama hajapata nafuu, ya pili. Na hospitali aende hata akipata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Zile dawa za kuwashwa zisitangulie.

Baba Nuru: Nimeelewa Mama Mdogo. Na sitambeba mbio tena, gari litamfuata alipo.

Zuhura: Ripoti ya simu. Wa kwanza: nimeeleza, akanikatiza, "Njooni tu dada, hakuna shida."

Mama Nuru: Hapana.

Mjomba Faraji: Hapana. Hajasikia bado na shida imeshakwisha?

Zuhura: Wa pili kasema hawana karanga kabisa. Nikamuuliza, michuzi mnaitia uzito na nini? Kimya. Kisha, "Sijui, mpishi huwa hashiki simu."

Jabir: Angalau kasema hajui.

Zuhura: Ndiyo, nimemshukuru kwa hilo. Nasubiri wa tatu, wamesema mpishi ataingia saa tisa na atanipigia yeye.

Mama Nuru: Sidhani kama atapiga.

*Jumapili*

Zuhura: Kapiga. Jana saa tisa na robo, sauti ya mama mtu mzima. Nikamsomea kadi yote, hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza mambo matatu. Je, harufu tu au mvuke vinamdhuru, au mpaka ale? Je, njugu nyingine na ufuta anakula? Na mara ya mwisho alipodhurika, ilikuwa kupitia kitu gani?

Zuhura: Nikamwambia ni mchuzi uliotiwa uzito. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nina mchuzi mmoja wa namna hiyo. Siku hiyo sitaupika kabisa kwa mtu yeyote. Chakula cha mtoto nitakianza mimi asubuhi, sufuria mpya, kabla ya kitu kingine chochote. Mje saa sita, wateja hawajajaa. Na mama yake akitaka kuingia jikoni kusoma pakiti za viungo, mlango uko wazi."

Baba Nuru: Mama Nuru yuko hapa kasoma. Hajasema kitu. Kaenda chumbani kwa Nuru.

Jabir: Kuna nini?

Mama Nuru: Hakuna kitu. Nilikuwa naangalia viatu. Vile vya sherehe vimeshambana, namba yake imepanda.

Mama Nuru: Zuhura, weka nafasi. Watu 12, saa sita. Na umwambie huyo mama mpishi nitafika saa tano nisome pakiti.