Vitz imeendeshwa Syokimau hadi Rongai handbreki ikiwa juu. Je, naweza kushuka nayo Mai Mahiu Jumamosi?

Nyota_Syokimau

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaoelewa breki, na ikiwezekana mapema, maana safari ni Jumamosi.

Ndugu yangu mdogo alichukua Vitz yangu kumpelekea shangazi mzigo Rongai. Leseni anayo, ila bado ni mgeni barabarani. Alitoka Syokimau, akaingia Mombasa Road, akashika Southern Bypass hadi Lang'ata, kisha Magadi Road. Njia nzima handbreki ilikuwa imevutwa. Si mpaka juu kabisa. Anasema aliishusha lakini haikufika chini. Taa nyekundu kwenye dashibodi aliiona, akadhani ni ya mkanda wa abiria kwa sababu mzigo ulikuwa kiti cha mbele. Kwenye Bypass akasikia harufu ya kitu kinachoungua, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na lori, akajua ni ya lori. Alipoegesha Rongai ndipo moshi ukatoka gurudumu la nyuma kushoto. Akaacha gari lipoe, akanipigia simu na kunieleza yote bila kuficha, na jioni akarudi nalo polepole.

Hali ya sasa: pedali ya breki naiona iko sawa. Handbreki inapanda juu sana kabla ya kushika, na zamani haikuwa hivyo. Nikirudi nyuma nasikia mkwaruzo upande wa kushoto. Kile kifuniko cha plastiki cha gurudumu hilo kimejikunja kidogo.

Fundi mmoja ameniambia kwa simu niendelee tu, itajirudi yenyewe. Mwingine anataka kubadilisha breki zote nne na silinda kuu, na gari hajaliona. Jumamosi nampeleka mama Narok kwa barabara ya zamani ya kushuka Mai Mahiu. Magoti yake hayawezi kubanwa kwenye matatu. Niende au nisiende? Na nikague nini ili nisidanganywe?

Kamwana_Embakasi

Dada, usiogope. Gari la jirani yetu lilitolewa mtaani handbreki ikiwa juu hadi kituo cha petroli, halikupata shida yoyote. Vitz ni gari gumu.

Fundi_Kirinyaga

Kamwana, kutoka mtaani hadi petroli ni kitu kimoja, na Bypass yote kwa mwendo wa kasi ni kitu kingine kabisa. Dada Nyota, usishuke Mai Mahiu kabla drumu za nyuma hazijafunguliwa na mtu akaangalia ndani kwa macho. Nitakueleza sababu ili ukifika gereji ujue unachozungumzia.

Vitz yako ina diski mbele na drumu nyuma. Ukivuta handbreki, waya unavuta viatu vya breki, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyosugua drumu kwa ndani, kwenye drumu za nyuma tu. Breki hiyo ilitengenezwa kushikilia gari lililosimama. Injini yako inavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo ina nguvu za kutosha kuyaburuta yale ya nyuma hata yakiwa yamebanwa kidogo. Dereva anahisi gari ni zito tu, basi. Nguvu yote hiyo inayopotea inageuka moto ndani ya drumu, na drumu imefungwa, haipati hewa kama diski. Ndiyo maana siulizi kilomita ngapi kwanza, nauliza lilipata moto kiasi gani. Na gari lako limekwisha kujibu: plastiki imejikunja. Huo ni moto mwingi.

Moto huo unaweza kudhuru vitu kadhaa. Viatu vya breki vinaungua, vinakuwa vigumu na kung'aa, na vikishang'aa hivyo havishiki hata ukikanyaga kwa nguvu. Vikizidiwa vinapasuka au vinabanduka kwenye chuma chake. Silinda ndogo iliyo ndani ya drumu ina raba zinazozuia mafuta ya breki yasivuje. Raba zikiungua, mafuta yanavujia kwenye viatu na upande huo unapoteza breki. Grisi ya beringi inayeyuka na kutoka.

Halafu kuna mafuta ya breki yenyewe, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishazeeka kiwango kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Unakanyaga pedali inazama. Drumu ikipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedali inakuwa nzuri tena. Kwa hiyo unaponiambia leo pedali iko sawa, hiyo ni habari ya breki baridi. Kwenye mteremko ule, nyuma ya lori la saruji, breki haitakuwa baridi.

Dereva_wa_Narok

Naunga mkono. Njia ile naipita kila wiki. Kuanzia unapoliacha tambarare la juu mpaka lile kanisa dogo la Waitaliano pale chini, mguu hautoki kwenye breki kama hujui kutumia gia. Na asidhani atakwepa kwa kupitia Ngong hadi Suswa, nako ni mteremko. Narok kutoka Nairobi lazima uteremke Bonde la Ufa.

Nyota_Syokimau

Asante sana, Fundi. Nimeelewa. Sasa nikienda gereji niwaambie wafanye nini hasa? Na yule anayetaka kubadilisha zote nne, ana haki?

Fundi_Kirinyaga

Breki za mbele hazikuguswa na handbreki. Zikaguliwe kama ukaguzi wa kawaida, lakini mtu akikwambia lazima zibadilishwe kwa sababu ya safari ya Rongai, muulize sababu. Silinda kuu vivyo hivyo.

Mwambie hivi: gari liwe tambarare, magurudumu ya mbele yawekewe mawe, handbreki iwe chini kabisa. Ainue nyuma kwa jeki, aweke stendi, kisha azungushe kila gurudumu kwa mkono. Yanapaswa kuzunguka kwa urahisi unaofanana. Likiwa la kushoto zito, au lina mngurumo, beringi iangaliwe. Halafu atoe drumu zote mbili, si ya kushoto peke yake. Drumu ikigoma kutoka, kuna matundu mawili yenye uzi wa nati. Anaweka bolti mbili na kuzikaza pole pole kwa zamu, drumu inajisukuma yenyewe. Akianza kuipiga kwa nyundo, msimamishe.

Simama uangalie naye. Viatu: unene uliobaki, nyufa, mng'ao. Kwa Toyota ndogo kama hizi, vikifika milimita 1 vimekwisha. Drumu: mistari mirefu, nyufa, au mabaka ya rangi ya buluu, hiyo ni alama ya chuma kilichochomeka. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye drumu yenyewe, apime asikadirie. Kisha avute kidogo ukingo wa raba ya silinda. Kukiwa na umajimaji ndani, imeanza kuvuja. Aangalie pia waya wa kihisi cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) nyuma ya gurudumu na upande wa ndani wa tairi.

Viatu vikibadilishwa, vibadilishwe kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Mafuta ya breki yabadilishwe yote hata kama hakuna kinachovuja, na atoe hewa. Na vumbi la ndani ya drumu lisipulizwe kwa kompresa, ni sumu kwa kifua. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Jambo la mwisho, na hili mafundi wengi wanaliruka: handbreki inayopanda juu haianzwi kwa kukazwa waya. Viatu vinarekebishwa kwanza ndani ya drumu, ndipo waya unafuata. Ukikaza waya juu ya viatu vilivyoisha, umeficha ugonjwa, na huenda breki ikaanza kushika hata ikiwa chini.

Kamwana_Embakasi

Hapo nimeelewa tofauti. Nauliza: moshi ukitoka njiani, si mtu amwage maji tu?

Fundi_Kirinyaga

Hapana. Drumu ni chuma cha kumimina. Ikiwa ya moto sana ukaimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Shusha handbreki, egesha mahali salama, weka P, weka jiwe kwenye tairi, acha ipoe yenyewe. Usivute handbreki tena wakati wa moto, maana drumu hupanuka ikiwa na joto na ikipoa inabana viatu. Ukiona moto wenyewe wa kuwaka, hapo mambo ni mengine: watu watoke, kizima moto kitumike.

Mwalimu_wa_Udereva

Naomba niseme juu ya huyo kijana, kwa sababu namfikiria kuliko gari. Nimefundisha vijana wengi. Wakishapata leseni wanaacha kuangalia dashibodi, macho yote yako nje kwa sababu wanaogopa boda boda na matatu. Ni jambo la kueleweka. Dada, alikupigia simu akakwambia ukweli wote, mpaka harufu na taa. Bila hayo usingejua lolote mpaka mteremkoni. Usimfokee. Kaa naye kwenye gari likiwa limezimwa, mwonyeshe taa ile: duara jekundu lenye alama ya mshangao au herufi P. Avute na kushusha handbreki mpaka aone taa ikiwaka na kuzimika. Mwambie taa hiyo hiyo huwaka mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo handbreki ikiwa chini kabisa na taa bado inawaka, gari halitoki. Na amwone mtu akiliondoa gari vizuri: mguu kwenye breki, gia D, handbreki chini, macho kwenye taa, ndipo mguu uachie. Gari likijivuta kwa uzito usio wa kawaida, asiongeze mafuta. Asimame aulize kwa nini.

Mama_Prius

Niongeze kwa wenye magari mengine. Prius yangu na Mark X ya mume wangu zina breki ya kuegesha ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, hakuna mkono wa kuonekana katikati. Mtu akiazima gari kama hilo mwonyesheni iko wapi. Mark X ina diski nyuma, na ndani ya diski kuna drumu ndogo ya breki hiyo. Fundi akiangalia pedi tu akasema zote nzima, hajaona palipoungua.

Nyota_Syokimau

Wadau, narudi na majibu. Leo nimesimama gereji tangu drumu inafunguliwa. Kushoto viatu vimeng'aa kama kioo na kimoja kina nyufa, na raba ya silinda ilikuwa na mafuta ndani. Kulia vimechakaa bila kuungua sana. Drumu zimepimwa, ziko ndani ya kipimo, hazina mabaka ya buluu. Beringi zinazunguka vizuri. Nimeweka viatu vipya pande zote mbili, silinda mpya kushoto, na mafuta yote ya DOT 3 yamebadilishwa. Yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai kavu. Handbreki sasa inashika mapema na nikiishusha magurudumu yanazunguka huru.

Ndugu yangu nilikwenda naye. Yeye ndiye aliyeshika tochi.

Swali langu lililobaki ni Jumamosi. Breki ni mpya, je, nishuke?

Fundi_Kirinyaga

Kazi nzuri, na hongera kwa kusimama pale. Lakini viatu vipya havijakaa kwenye drumu. Sehemu inayogusa ni ndogo mpaka visagike kidogo vifuate mviringo. Endesha mjini siku kadhaa, funga breki kwa upole na mapema, usikanyage ghafla isipokuwa kwa dharura, usibebe mzigo mzito. Mteremko mrefu ukiwa na abiria si mahali pa kuvikalishia. Ikiwezekana sogeza safari kwa wiki moja.

Ukishuka, punguza mwendo kabla mteremko haujaanza, tumia gia ya kuzuia, iwe B, S au L kulingana na gari lako, na injini ifanye kazi yake. Funga breki na uachie, usiikalie.

Nyota_Syokimau

Nimezungumza na mama, amekubali twende Jumamosi ijayo. Asanteni sana, hasa Fundi na Mwalimu. Ndugu yangu ataendesha kutoka Narok mjini hadi kwa bibi, pale tambarare, nikiwa pembeni yake.

Dereva_wa_Narok

Safi. Ondokeni mapema kabla malori hayajajaa pale juu, na ukungu ukiwepo msubiri uinuke.

Fundi_Kirinyaga

Na kabla ya safari pita gereji wakaze tena nati za magurudumu ya nyuma, maana yalifunguliwa. Waangalie pia kiwango cha mafuta ya breki kwenye kile kichupa. Kikiwa kimeshuka tangu leo, kuna panapovuja, nawe usiondoke mpaka papatikane.