Uongo wa kampeni za wadi: je, mshindi avuliwe kiti?

Karani Mstaafu, Ngara
Ndugu zangu, tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga kura tena, na wadi zote 85 za Nairobi zitajaa uzushi kama kawaida. Tuseme mgombea anasambaza karatasi zinazodai kwamba mpinzani wake alikula fedha za basari, hali akijua vyema kwamba hakuna kitu kama hicho. Kanuni za maadili ya uchaguzi zinakataza madai ya uongo na ya kukashifu, na tume ya uchaguzi, IEBC, inapaswa kuamua malalamiko ndani ya siku kadhaa. Sasa karatasi zikitoka Ijumaa na kura zipigwe Jumanne, uamuzi huo utamfaa nani? Uingereza wana kifungu kinachomvua kiti aliyeshinda kwa uongo wa namna hiyo. Naona nasi tukiandike waziwazi, hasa kwa ajili ya wadi, kwa sababu mpiga kura wa Eastlands, kule mashariki mwa jiji, humeza jioni kila anachoambiwa na asubuhi akakipigia kura.

Binti wa Umoja
Shikamoo, mzee wangu. Nilikuwa nakubaliana nawe neno kwa neno mpaka nilipofika kwenye sentensi yako ya mwisho. Huku Eastlands mgombea akisema kwamba fulani alikula basari, tunajua ni mtoto wa nani aliyepata, ni wa nani aliyekosa, na fomu ilipigiwa muhuri na nani. Nenda Lavington, kwa matajiri, ukawaulize wakazi jina la mwakilishi wao wa wadi, kisha urudi hapa utueleze ni nani humeza.

Mwalimu wa Kayole
Binti amejibu vyema. Mimi nimefundisha watoto wa mitaa hii hadi wakawa mahakimu, na sitakubali waitwe watu wa kumezeshwa. Kuhusu sheria, sioni haja ya kifungu kipya, kwa kuwa anayemchafulia mwenzake jina hufungwa jela chini ya Kanuni ya Adhabu. Kinachokosekana ni polisi wenye ari ya kumkamata.

Wakili wa Milimani
Mwalimu, kwa heshima, kifungu hicho cha 194 kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwezi Februari 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta, na kumfunga mtu chini ya kifungu hicho hakupo tena. Aliyeharibiwa jina anaweza kudai fidia katika mahakama ya madai, mradi afungue kesi ndani ya miezi 12, lakini fidia haimrudishii kura.

Mfano wa Uingereza unaotufaa ni wa serikali za mitaa. Mwaka 2014 Lutfur Rahman alichaguliwa meya wa Tower Hamlets, mashariki mwa London. Wapiga kura wanne wa kawaida wakashtaki, na mwezi Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi ikafuta ushindi wake. Miongoni mwa makosa yaliyothibitishwa ni kumsingizia mpinzani wake, John Biggs, kwamba ni mbaguzi wa rangi. Akazuiwa kugombea kwa miaka mitano. Kule, uongo wa mgombea mwenyewe ukithibitishwa, mahakama haihesabu ni kura ngapi uliogeuza. Hapa kwetu anayepinga matokeo ya wadi hufika kwa hakimu mkazi ndani ya siku 28, huweka dhamana ya shilingi 100,000, kisha hutakiwa kuonyesha kwamba misingi ya Katiba ilikiukwa au kwamba matokeo yaliathirika. Nitajieni mtu awezaye kupima ni wangapi waliobadili nia kwa ajili ya karatasi moja.

Muuza Mitumba, Gikomba
Shilingi laki moja! Wakili ameipitia kama mtu anayetaja nauli ya matatu. Aliyesingiziwa amekwisha kumaliza akiba yake kwenye mabango na fulana, kisha aambiwe aweke laki moja ndipo asikilizwe. Kifungu cha Karani kitakuwa silaha ya wenye fedha: atakayeshindwa kwa haki atadai kwamba alisingiziwa, na aliyeshinda atatumia muhula wake katika korido za mahakama badala ya kutengeneza mitaro.

Karani Mstaafu, Ngara
Marahaba, Binti. Sikumtukana mtu, nilieleza jinsi uongo unavyosafiri mahali ambapo watu wanaishi karibu karibu. Nawe Muuza Mitumba, tayari mahakama inaweza kumtoza gharama anayeleta kesi ya ovyo, na dhamana yenyewe ipo kwa sababu hiyo.

Binti wa Umoja
Kwa hiyo sasa kosa letu ni kuishi karibu karibu. Mzee, uongo unasafiri hata kwenye makundi ya simu ya watu wenye ua na mlinzi, tena huko hakuna jirani wa kuukanusha. Wakili naye hakumalizia habari ya Tower Hamlets: meya yule yule alichaguliwa tena mwaka 2022.

Wakili wa Milimani
Alichaguliwa, baada ya kutumikia adhabu yake. Sheria haikukusudia kuwachagulia watu kiongozi. Ilikusudia kwamba ushindi ule wa 2014 usimame au uanguke kwa namna ulivyopatikana.

Mwalimu wa Kayole
Basi ni kazi bure! Afadhali kamati ya tume ipewe meno ya kumwondoa mgombea kabla ya siku ya kura.

Wakili wa Milimani
Mwalimu, unataka kamati, katika siku tatu, imwondoe kwenye karatasi ya kura mtu ambaye huenda amesema kweli? Hilo ndilo ningeliogopa kuliko uongo wenyewe. Ningeanza na jambo dogo: wadi zipewe uamuzi wa saa 48 katika juma la mwisho, tena wa kulazimisha masahihisho yatangazwe pale pale uongo ulipotangazwa.

Muuza Mitumba, Gikomba
Yatangazwe na nani? Na yule aliyedanganya, kwa kipaza sauti kile kile?

Binti wa Umoja
Naam, na yeye mwenyewe, pale stejini Umoja. Sisi tunaomeza kila kitu tutakuja kumsikiliza.