Nyuki imeuma mutoto, siki inasaidia?

mama_kadutu: Jambo bandugu, nyuki imeuma mutoto ku kidole, kumevimba na mwiba ungali ndani, jirani anasema nipake siki juu sumu ni asidi, ni kweli?

kemia_bkv: Hapana mama, toa mwiba kwanza, hata na ukucha, haraka, kile kifuko cha sumu kwenye mwiba kinasukuma sumu hata kama nyuki imeshaenda. Kinachouma sana ni melitini, karibu nusu ya sumu ikikauka, inatoboa seli, na iko chini ya ngozi, siki itabaki juu tu. Osha na sabuni, weka barafu.

papa_jo: Ikiwasha, mupe setirizini ya batoto, dawa ya mzio. Lakini midomo ikivimba ao apumue kwa shida, mbio hospitali bamupige sindano ya adrenalini.

mama_kadutu: Mwiba umetoka, aksanti. Barafu naenda kuomba kwa muuza samaki, umeme hamuna.