Nimemwachisha mtoto ziwa kwa shubiri, sasa Freud ananikosesha usingizi

mama_zuhura

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba mawazo ya wenye kuijua saikolojia. Wa kunicheka wapite tu.

Nasoma diploma ya ualimu, mwaka wa kwanza. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Chuo kilipokaribia kufunguliwa ikabidi nimwachishe ziwa, maana siku za wiki nalala hosteli na yeye anabaki Muheza kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Nikafanya kama walivyofanya mama zetu: nikakata jani la mshubiri nyuma ya nyumba, nikapaka utomvu kwenye chuchu. Akaja mbio, akaonja, akakunja uso, akasema "nyonyo chungu". Akajaribu upande wa pili. Nako nilikuwa nimepaka. Hakulia. Alikaa chini akaanza kuchezea kidole changu cha mguu. Bora angelia.

Sasa darasani tumefika kwa Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, na hatua zake tano za ukuaji wa mtoto: ya mdomo, ya haja kubwa, ya uume, ya utulivu na ya uzazi. Mwalimu anasema mtoto akinyimwa au akizidishiwa kwenye hatua fulani anakwama hapo hapo, na ukubwani itaonekana: mvuta sigara, mlafi, mla kucha, mwenye ulimi mkali, mtu wa kutegemea wenzake. Akatoa na mfano, "kama hawa wanaoachishwa ghafla kwa pilipili au shubiri." Darasa likacheka. Mimi nikaandika kwenye daftari kama vile hayanihusu.

Na kweli, tangu siku ile mtoto halali bila kunyonya ncha ya kanga yangu moja ya zamani. Ile ncha inashinda imeloa. Bibi yake anataka kuikata aitupe, anasema meno yatatoka nje. Je, nimeshamharibu? Na hiyo kanga nifanyeje?

kijiwe_cha_kahawa

Dada, mimi nilinyonya mpaka nikachoka mwenyewe. Nilikuwa natoka kucheza gololi naja kunyonya nimesimama, halafu narudi kwenye gololi. Na sigara navuta mpaka leo. Sasa hapo huyo mzungu anasemaje?

mkufunzi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Somo hilo nimelifundisha vyuo vya ualimu mpaka nikastaafu, na mfano wa shubiri naujua. Walimu wanaupenda kwa sababu unaamsha darasa baada ya chakula cha mchana.

Kijana wa kahawa kagusa penyewe. Ukinyimwa unakwama, ukizidishiwa unakwama. Nadharia ya namna hiyo huwezi kuikamata popote, kila mvuta sigara utakayemleta inamtosha. Freud mwenyewe alikuwa kifungua mimba wa mama yake na kipenzi cha nyumba nzima, lakini alivuta sigara kubwa zipatazo 20 kwa siku. Mwaka 1923 akaonekana ana saratani ya kinywa, akapasuliwa zaidi ya mara 30, na bado kuacha kukamshinda. Alifia London mwaka 1939.

Halafu ujue hizo hatua tano hazikuzaliwa siku moja kama zinavyokaa ubaoni. Kitabu chake kikuu juu ya jambo hili kilitoka 1905, ila hatua ya mdomo aliiingiza kwenye toleo la 1915, na ya uume ikakaa sawa 1923. Kilichotangulia ni ile ya haja kubwa. Mwaka 1908 aliandika makala fupi akidai kwamba watu wapenda mpangilio, mabahili na wakaidi mara nyingi ni wale waliokuwa na vita na choo utotoni. Nikilisoma hilo darasani wanachuo wote walikuwa wanamgeukia mhasibu wa chuo akipita dirishani. Na hayo ya tabia za mdomo anayokutisha nayo mwalimu wako, aliyeyashonea nguo zaidi ni mwanafunzi wa Freud, Karl Abraham wa Berlin, kwenye miaka ya 1920.

Sasa jiulize: ushahidi waliupata wapi? Kwa watu wazima, wamejilaza kwenye kochi Vienna, wanasimulia wanachokumbuka au wanachodhani wanakumbuka. Watoto wenyewe hakukaa nao. Kisa chake maarufu cha mtoto ni cha mwaka 1909, mvulana wa miaka mitano aliyeogopa farasi, aliyempa jina Hans. Hata huyo alimtibu kupitia barua za baba yake. Katika matibabu yote alionana naye mara moja. Freud akasema farasi ni baba. Lakini mtoto alikuwa amemwona farasi wa basi akianguka barabarani na kurusha miguu! Wanasaikolojia wengine walikuja kusema baadaye, mwaka 1960, kwamba hofu hiyo ilimtosha bila kumtafutia baba ndani ya farasi. Hans alikua akawa mwongozaji wa opera, akafika mpaka New York. Alipomtembelea Freud akiwa kijana wa miaka 19 alikuwa mzima, na hakukumbuka chochote.

Sisi nasi tulikuwa na nadharia yetu ya kubemenda: mtoto akidhoofu, kesi inapelekwa kitandani kwa wazazi. Usishangae sana ya Vienna.

Lakini sikuambii umtupe. Kabla yake wasomi wengi hawakuuona utoto kuwa na uzito wowote katika tabia ya mtu mzima. Yeye aliliuliza swali. Waliolipatia jibu ni wale waliokwenda kukaa na watoto, na mmoja wao alikaa hapa hapa Afrika Mashariki, kitu ambacho walimu wengi wanakiruka. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya kazi London na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyelelewa kwenye shule ya Freud. Mwaka 1954 akaja Kampala, mumewe alipopata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii. Alikuwa amesikia kwamba kwa Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake ili asahau ziwa. Yaani wewe kabisa! Akataka kuona kutengana huko kunamfanya nini mtoto. Alipofika vijijini akakuta desturi inapotea, basi akabadili kazi: akawa anawatembelea akina mama 26 na watoto wao 28, kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa sebuleni mchana, anatazama nani analia mama akinyanyuka, nani anatambaa kwenda kwa mgeni halafu anageuka kuangalia kama mama yupo.

Alichokiona ni kwamba kupishana kwa watoto hakukupangwa na siku moja ya ziwa. Kulikwenda na jinsi mama alivyomsoma mwanawe. Mama ambaye ukimuuliza habari za mtoto anakueleza mpaka anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi, mtoto wake alikuwa ametulia na ana ujasiri wa kuzurura. Kitabu cha Ainsworth kilitoka 1967. Na wewe umeandika hapa kwamba mtoto alichezea kidole chako cha mguu. Wangapi wangekiona?

Kuhusu kanga: usiikate. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London ambaye naye alikuwa mtu wa kochi, alilieleza jambo hili mwaka 1951. Ncha ya blanketi, kitambaa, mwanasesere. Mtoto anajichagulia kitu cha kumvusha mama asipokuwepo. Alisema hata kukifua hovyo mama hujizuia, maana harufu ikiondoka kitu chenyewe kimeondoka. Mwambie mama mkwe afue upande mmoja leo, mwingine kesho, ile ncha aiachie ya mwisho.

muuguzi_wa_kliniki

Mzee kamaliza upande wa akili, mimi niongeze wa tumbo. Ule utomvu wa njano wa mshubiri unaharisha. Mtoto ameramba kidogo, hana neno, ila wengine mnaosoma msiige. Punguzeni mnyonyo mmoja mmoja, wa mchana kwanza, wa usiku mwisho. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, kwa hiyo huyu bado anahitaji maziwa, mayai, dagaa na uji wenye mafuta, asiachiwe chai ya rangi na mkate. Meno msihofu sasa. Akiwa bado ananyonya kanga baada ya kutimiza miaka minne ndiyo mje tuangalie.

mjomba_wa_matombo

Mimi nina ugomvi na hiyo hatua ya uume. Freud anadai mtoto wa kiume anamwonea baba wivu kwa mama, anamwogopa, ndipo anapata dhamiri. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama. Aliyenitia adabu mimi ni mjomba, baba alikuwa rafiki yangu wa kuvua samaki. Sasa nilikwama wapi?

mkufunzi_mstaafu

Mjomba, hoja yako ina wenyewe. Bronisław Malinowski, mtafiti wa mila za watu, alikaa visiwa vya Trobriand, huko Papua Guinea Mpya, wakati wa vita ya kwanza. Akakuta hivyo hivyo: mwenye amri ni mjomba, baba anabeba watoto na kucheza nao, na chuki ya mtoto inamwelekea mjomba. Mwaka 1927 akaandika kwamba Freud alikuwa ameieleza familia ya Ulaya akadhani ameeleza binadamu. Wafuasi wa Freud walimjibu kwa ukali kwamba mjomba ni kivuli tu cha baba. Unaona tena? Haikamatiki.

mama_zuhura

Asanteni sana. Mama mkwe nimempigia, ameguna ila kanga imesalimika. Mzee, moja la mwisho. Ijumaa nikifika, mtoto ananitazama halafu anamkimbilia bibi yake. Nikimwita hageuki. Baadaye kidogo anakuja kunipiga kofi gotini. Hiyo nayo ni nini?

mkufunzi_mstaafu

Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya akina Bowlby. Mwenzake James Robertson alimpiga filamu msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane bila mama yake kukaa naye, ikaonyeshwa 1952. Madaktari wengine walikasirika, lakini baadaye hospitali za Uingereza zikaanza kuwaruhusu wazazi kukaa na watoto. Mtoto aliyeachwa kwanza hulia, halafu hunyong'onyea, halafu hujifanya hana haja na wewe. Wako wala hajafika huko mwisho, ndiyo maana anakupiga. Mtu asiyekuhitaji hakupigi.

Ijumaa ukifika usimvute wala usimpe pipi ya kumnunua. Mpe bibi yake mkono, kaa kwenye mkeka, toa hata mchicha uanze kuchambua, umwache aje. Akikupiga mwambie "umekasirika mama aliondoka". Na Jumapili usitoroke amelala, hata kama bibi yake anaona ndiyo nafuu. Muage akiwa macho, alie, uende. Hiyo kanga iache kwake, usiende nayo hosteli.